Tangazo la Msiba kwenye Mlango wa Zahanati

Katika jengo letu mashine ya kuchapa iko kwangu peke yangu, kwa hiyo matangazo ya misiba ya ngazi yetu yote hupitia mezani pangu. Watu hupanda na picha mkononi, nyingi zimekatwa kutoka picha za harusi, bega la mtu mwingine likiwa limebaki pembeni. Mimi huandika jina, umri, kisha muda uliopita tangu afe: siku arobaini, miezi sita, mwaka, miaka kumi. Wao hubandika kwenye mlango wa chini, kwenye mti ulio mbele ya duka la mikate, kwenye nguzo ya kituo cha basi. Tangazo likishabandikwa hakuna mtu anayeligusa. Huachiwa jua na mvua.

Jumatatu moja ya mwezi wa Juni, miaka minne iliyopita, alipanda Veneta Kolarova wa ghorofa ya nne akiwa na picha ya mbwa wake.

"Andika," aliniambia, hata hajaketi.

Veneta alikuwa na miaka sabini na moja. Aliingia mji wetu wa Sliven akiwa na miaka kumi na saba, akapelekwa moja kwa moja kwenye mitambo ya kufuma ya kiwanda cha sufu, akatoka huko baada ya miaka thelathini na moja kiwanda kilipofungwa. Mitambo ile ilimwachia sauti ya kupigia watu kelele, kwa sababu mle ndani asiyepiga kelele hasikiki. Hata akikuuliza kama chai imekolea, jengo zima lilijua kwamba mnakunywa chai. Binti yake anaishi Valencia na hupiga simu Jumapili. Mumewe, Kiril, alikuwa fundi wa kufuli. Ndiye aliyemwokota yule mbwa akiwa mchanga, ndani ya boksi la machungwa nyuma ya soko, akamwita Topcho, yaani kimpira, kwa jinsi alivyokuwa mviringo.

Kiril alimzoesha Topcho kushuka ngazi kwa mluzi. Kiril akifika chini, anapiga mluzi, na mbwa anateremka ghorofa nne kama maji. Kiril alipofariki, Topcho alikataa kushuka. Alikaa juu kwenye ngazi ya kwanza akisubiri. Veneta hajui kupiga mluzi. Alijaribu, akatoa mate tu. Basi kwa miaka mitatu alimshusha ndani ya mfuko wa sokoni, asubuhi na jioni, kilo nane, mkono mmoja kwenye mfuko na mwingine kwenye ukuta. Tulimwambia amfundishe upya. Alijibu kwamba mbwa wa miaka tisa na mwanamke wa miaka sitini na nane hawafundishiki.

Sasa mbwa huyo alikuwa kwenye picha mezani pangu, amekaa juu ya kochi, ulimi nje.

"Shangazi Veneta," nilisema, "mbwa hatangaziwi."

"Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema. Haifanywi tu. Watu watachukia."

"Kiwandani walinichukia miaka mingapi? Nikafa? Andika. Topcho, miaka kumi na miwili. Alikufa siku ya Jumamosi katika mikono ya walioahidi kumwangalia. Jina langu chini. Na ule mstari mweusi pembeni, usisahau mstari."

Niliandika. Nilichapa nakala sita, na mstari mweusi niliuweka.

Mambo yaliyotokea Jumamosi ile nilikuwa nimekwisha kuyasikia, kama sote tulivyoyasikia, kupitia sakafu.

Topcho alikuwa na meno mawili yaliyooza. Shavu lilimvimba, akawa hali. Ng'ambo ya barabara, pale palipokuwa kwa fundi viatu, kuna zahanati ya wanyama ya Daktari Ognyan Velchev, mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye mikono misafi na haraka nyingi. Alimwangalia mbwa, akasema meno yang'olewe, na kwa kuyang'oa lazima nusukaputi. Njoo Jumamosi saa mbili asubuhi. Kuanzia Ijumaa jioni asile chochote.

Jumamosi hiyo ilikuwa ya marehemu, siku ya kugawa ngano kwa roho za waliokufa, ile ya kiangazi, cheri zinapokuwa zimeiva. Ijumaa jioni Veneta alichemsha ngano kwa ajili ya Kiril, sufuria nzima, akachanganya na karanga za jozi na sukari ya unga, akajaza vikombe vya plastiki na kila kikombe akakiwekea cheri moja juu. Muda wote huo Topcho alifungiwa barazani ili asilambe hata punje. Alilia, akakwaruza mlango. Hayo Veneta aliyarudia baadaye mara mia, kwa sauti yake ile: alifungiwa, alilia, akakwaruza, hakupata hata punje.

Asubuhi alivuka barabara na mbwa ndani ya mfuko mkono huu na sinia la vikombe mkono huu. Waliokuwa wakisubiri zahanatini siku hiyo ni mzee mmoja na sungura, na mwanamke aliyekuja na paka wawili. Veneta alimpa kila mmoja. "Kwa roho ya Kiril wangu." "Mungu amsamehe." Daktari alikula chake amesimama, akasifu ngano kwamba haikurojeka. Msaidizi wake, Pavlina, mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliyehamia pale baada ya duka lake la uzi kufa, alipokea akasema atakula baadaye, mikono yake ina dawa. Veneta akatia sahihi karatasi, akambusu mbwa kwenye paji, akaenda makaburini na vikombe vilivyobaki.

Aliporudi saa sita, Topcho alikuwa amefunikwa taulo.

"Shangazi," daktari alimwambia, "ulimlisha."

"Nani? Mimi?"

"Alitapika akiwa bado na usingizi, matapishi yakaingia mapafuni. Tazama." Alimwonyesha sahani ya chuma. Ndani yake mlikuwa na punje za ngano, zimevimba, nyeupe. "Nilikuambia asile chochote. Nilikuambia au sikukuambia?"

"Alifungiwa barazani!"

"Basi ngano ilipitia dirishani?"

Huo ndio mwanzo wa yote. Daktari mwenyewe alikuwa amekula ngano ileile asubuhi ileile, chini ya dari ileile, na bado haikumjia akilini kwamba ngano ilikuwemo hata humo zahanatini. Haikutujia hata sisi. Juma lile mji mzima ulikuwa na ngano tumboni, na sufuria ya Veneta tuliiona wote. Tulimpa pole, na tulipofunga milango tulisema: maskini, hakuweza kuvumilia kile kilio, akampa kijiko kimoja. Nami nilisema hivyo. Nalitaja hilo kwa sababu ni kweli.

Matangazo yalipobandikwa, wa kwanza kuwaka alikuwa Stefka wa ghorofa ya pili, ambaye tangazo la miezi sita la mumewe lilikuwa mlangoni hapohapo chini.

"Veneta! Umembandika mbwa karibu na Todor wangu!"

"Todor alikuwa akimpa Topcho soseji kila siku," Veneta alijibu kutoka ghorofa ya nne. "Wewe ulimpa supu ya maji. Waache wakae pamoja."

"Unanitukania marehemu?"

"Namtukana marehemu? Nakutukana wewe, Stefka, sikiliza vizuri."

Kulikuwa na kicheko mahali fulani kwenye ngazi. Kisha Stefka akasema neno ambalo lilikuwa linasubiri kusemwa na mtu.

"Ungempenda hivyo usingemshindilia ngano!"

Nilisikia mlango wa ghorofa ya nne ukifungwa taratibu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Veneta kufunga mlango taratibu.

Tangazo la sita alikuwa amelibandika kwenye kioo cha zahanati. Daktari Velchev alilichana siku hiyohiyo mbele ya wateja, akalikunja na kulitupa. Hapo ndipo alipokosea, na mtu mwingine yeyote wa mji huu angeweza kumwambia. Kabla ya jioni watu walikuwa wakisema kwamba daktari amechana tangazo la msiba. Hata Stefka alipiga ishara ya msalaba. "La mbwa, la nani, halichanwi," alisema. Mwanamke wa paka wawili alianza kwenda kwa daktari wa mtaa wa stesheni.

Daktari akapanda ghorofa nne kuja kumwona Veneta. Nilikuwa huko, tunakunywa kahawa. Alibaki kizingitini, anahema.

"Shangazi, unaniharibia jina. Mimi nimesomea kazi hii. Ningekuwa na kosa ningesema."

"Karatasi yako inasema ataangaliwa mpaka azinduke." Veneta alikuwa ameikunja ndani ya kitabu cha simu. Alinipa nisome, nikasoma, na kweli ilisema hivyo. "Nani alikuwa anamwangalia?"

"Aliangaliwa."

"Na nani?"

"Shangazi, mnyama mwenye tumbo tupu hatapiki. Mengine yote ni maneno."

Aliondoka bila kukaribia kahawa. Veneta alikaa akiitazama ile karatasi, kisha akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ndogo hata nikaogopa.

"Kama ilikuwa kwenye aproni yangu? Niliivaa aproni nikienda kumfungulia baraza. Kama punje zilikuwa zimenata?"

"Zile zilikuwa nyingi kuliko za kunata aproni," nilimwambia.

"Wewe hukuziona."

Kweli sikuziona.

Tangu siku hiyo alianza kutafuta. Aliinua zulia la baraza. Alichungulia chini ya jiko kwa tochi. Alihesabu vikombe: alinunua ishirini, alijaza kumi na tisa, kwa nini kumi na tisa? Alimpigia binti yake Valencia akamuuliza kama yeye, mama yake, ni mtu anayesahau. Binti alisema, "Mama, ni mbwa tu, nitakununulia mwingine," na Jumapili mbili zilizofuata Veneta hakupokea simu. Wiki hizo nilimkuta mara kadhaa amesimama ngazi ya juu kabisa, pale alipokuwa akikaa Topcho, mfuko mtupu wa sokoni mkononi.

"Sitaki fidia," aliniambia siku moja hapo ngazini. "Daktari anadhani nataka kumnyang'anya kitu. Nataka kujua tu kama ni mimi. Ikiwa ni mimi, nitayabandua yote yaliyobaki kwa mikono yangu, na nitakwenda kumwomba radhi hata mbele ya Stefka. Lakini nijue."

Zilipotimia siku arobaini alinijia tena na ile picha. Na alikuwa amechemsha ngano.

"Ya mbwa?" nilimuuliza.

"Padri hayupo hapa kutukataza. Shika sinia."

Tulivuka barabara. Ilikuwa asubuhi ya joto, mwezi wa Julai, na mlango wa zahanati ulikuwa wazi umezuiwa kwa mfuko wa mchanga wa paka. Daktari alikuwa amekwenda kijijini kutazama ng'ombe. Pavlina alikuwa peke yake nyuma ya kaunta, anapima chakula cha paka kwenye mizani. Alipotuona na vikombe, mkono wake ulisimama na punje za chakula zikaendelea kumwagika mpaka sahani ya mizani ikafurika.

"Kwa roho ya Topcho wangu," Veneta alisema. Nadhani alikuja kuwaaibisha, kwa kuwalisha ngano ya yule waliyemuua. Alimsogezea kikombe.

"Siwezi, shangazi."

"Ngano haikataliwi."

"Siwezi."

"Kwa sababu ni mbwa?"

"Nina sukari," Pavlina alisema. "Najichoma sindano. Daktari hajui, nisingepata kazi. Hata ile ya mumeo sikuila, Mungu amsamehe, sikuila ile."

Ndani ya kizimba cha nyuma paka alikuwa akikwaruza.

"Uliitupa?" Veneta aliuliza.

"Ngano ya marehemu nitupe? Mimi?" Pavlina alitokwa na machozi hapo, na alikuwa kama aliyetukanwa. "Nilisema lazima iliwe na kiumbe hai. Na yeye alikuwa pale kizimbani, analia. Nikaona ni mbwa wa marehemu mwenyewe, wa nyumba yake. Nikaona itamfikia Kiril haraka kuliko mimi nikiila. Vijiko vitatu. Vinne."

"Uliambiwa asile."

"Asile chakula, shangazi. Ile si chakula. Ile ni ya roho."

Niliyasikia maneno hayo na hayakunishangaza. Ningeulizwa siku ile kabla hayajatokea kama ngano ya marehemu ni chakula, ningesema siyo. Nyumbani kwetu mama yangu alikuwa akifunga wiki nzima bila kula kitu mpaka jua lizame, na bado alikula kijiko cha ngano makaburini saa nne asubuhi, na hakuona kwamba amefungua.

Veneta alinipokea sinia, akaliweka kwenye kaunta. Alishika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili.

"Na alipotapika? Nani alikuwa naye?"

Pavlina aliinamia mizani, akaanza kuzoa punje zilizomwagika.

"Karatasi inasema. Nani?"

"Alikuja muuzaji mmoja wa dawa kutoka mji wa Burgas. Daktari alitoka naye nje wakavute sigara. Mimi nilikuwa hapa mbele, kulikuwa na watu, nauza."

"Muda gani?"

"Robo saa. Labda ishirini." Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Usimwambie, shangazi. Nina miaka hamsini na sita. Nani atanichukua?"

Veneta alichukua sinia lake. Kile kikombe alichokuwa amekisogeza alikirudisha pamoja na vingine.

Tulikaa kwenye benchi mbele ya jengo. Hakuna aliyekula ile ngano, hata mimi. Aliiweka mapajani, na nyigu walikuja kwenye sukari naye hakuwafukuza.

"Kwa hiyo ilikuwa ngano yangu," alisema hatimaye.

"Hukumpa wewe."

"Niliichemsha mimi, nikaibeba mimi, mpaka pale alipolala. Kwa mkono huu mbwa na kwa mkono huu ngano."

"Mwambie daktari. Stefka anyamaze. Kila mtu anyamaze."

Alitikisa mabega. "Nikimwambia, kesho Pavlina yuko barabarani. Naye daktari atatoka pale mlangoni na mikono yake misafi: mmeona, kosa ni la mwanamke huyu, mimi ni msomi. Na zile sigara hazitatajwa tena na mtu yeyote." Alilivuta sinia karibu na tumbo. "Afadhali waseme mimi."

Na walisema. Agosti nzima nilimsikia Stefka akiwasimulia wageni wake ngazini habari za yule mwanamke aliyemuua mbwa wake kwa ngano kisha akamsingizia daktari, na Veneta akapita na mkate wake bila kujibu. Mwanamke aliyekuwa na jibu kwa kila mtu. Watu walichukulia ukimya ule kuwa ni kukiri. Yale matangazo hakuyabandua. Mvua za Septemba zilifanya kazi hiyo.

Jumamosi ya marehemu ya Novemba hakuchemsha kitu. Kwa roho ya Kiril aligawa biskuti za dukani, zimefungwa kiwandani, kila moja na karatasi yake. Nyumba ambayo haichemshi ngano husemwa, nayo ikasemwa.

Desemba ilipotimia nusu mwaka alipanda kwangu kwa mara ya mwisho na ile picha. Safari hii aliketi.

"Jina na miezi sita," alisema. "Kisha andika: Alipotapika hakukuwa na mtu chumbani."

"Basi?"

"Basi. Jina langu chini."

"Watauliza umejuaje."

"Aliyekuwa nje hatauliza."

Alitaka nakala moja tu. Aliibandika mwenyewe kwenye kioo cha zahanati, asubuhi, kwa gundi ya unga kama tulivyofanya zamani, ambayo hushika kuliko ya duka. Nilimtazama kutoka dirishani. Daktari Velchev alitoka nje na kikombe chake cha kahawa, akasoma. Ni mstari mmoja lakini alikaa akiusoma muda mrefu. Nyuma ya kioo nilimwona Pavlina amesimama kama nguzo. Daktari aligeuza kichwa, akamtazama Pavlina, kisha akatazama pale kwenye ukingo wa njia wanapovutia sigara. Sijui alifikiri nini. Aliingia ndani. Tangazo hakuligusa.

Lilikaa mpaka Februari. Wenye paka, wenye mbwa, yule mzee wa sungura, wote walilisoma wakiwa na wanyama wao mikononi, na walipoambiwa mwache hapo urudi saa sita, walianza kujibu kwamba hawana haraka, watakaa. Daktari alinung'unika, kisha akachoka kunung'unika. Kabla ya Pasaka kulikuwa na kiti cha plastiki ndani ya chumba cha nyuma, kando ya mkeka wanakozindukia wanyama. Pavlina ndiye aliyekiweka. Mwezi wa Mei aliondoka kwenda Italia kumtunza mzee mmoja na hajarudi, ndiyo maana nayaandika haya.

Siku moja nilikuwa natoka dukani na Veneta, mifuko mkononi. Mlango wa zahanati ulikuwa wazi, na kwa mbali ndani mle tulimwona mwanamke amekaa kwenye kile kiti, mkono wake juu ya mgongo wa kitu kilichofunikwa blanketi, midomo yake ikisema jambo ambalo hatukulisikia.

Veneta alisimama. Nilidhani atasema neno, na kwa sauti ile lingefika mpaka stesheni.

"Kiti hakina hata mto," alisema, akahamishia mfuko mkono wa pili, tukavuka.